Chapa za Majani na Kurudi kwenye Brashi: Majibu kwa Wasomaji

Barua zilizoletwa kwa safu hii ya sanaa za nyumbani zimeelekea upande mmoja. Wasomaji waliowahi kuchora wakaacha wanataka kurudi, na wengi wao wamevutiwa na kazi ya kuchapa kwa mimea, yaani kulipaka jani rangi na kuligandamiza kwenye karatasi, au kuiacha rangi ya jani lenyewe iingie kwenye kitambaa. Nimechagua barua zinazogusa mambo yanayoulizwa zaidi, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake yamo maswali ya wengine wengi.

Swali: Mwalimu, salaam. Nilisoma sanaa hadi mwisho wa sekondari, na kila likizo nilikuwa nikichora milima ya kwetu. Kisha nikaolewa, nikaanza kazi ya uuguzi, na brashi zikakaa kabatini hadi nywele zake zikawa ngumu kama vijiti. Sasa watoto wamekua, nimenunua karatasi na rangi, lakini kila nikikaa mbele ya karatasi tupu mkono unakataa, na ninachokitoa ni duni kuliko nilichokuwa nikikichora nikiwa msichana. Rafiki yangu amenishauri nianze kwa kuchapa majani. Je, huko si kuukimbia uchoraji wenyewe? Tena sina chumba cha kazi; nina meza moja, nayo ndiyo tunayolia chakula. — Msomaji, Mbale

Jibu: Dada yangu, si kuukimbia, mradi usiishie kwenye chapa. Mtu anayerudi kwenye karatasi tupu baada ya miaka mingi hudaiwa mambo mawili kwa mara moja: aamue kitu gani kikae wapi, na hapo hapo akitekeleze kwa mkono ambao haujazoea tena. Jani lililochapwa linakupunguzia lile la kwanza. Tayari pana umbo, pana mishipa, pana upande mzito na upande mwepesi, na kazi yako inabaki kuwa kulijibu umbo hilo kwa brashi. Isitoshe, hukuwahi kuchapa majani ulipokuwa msichana, kwa hiyo hakuna kazi ya zamani ya kukusuta. Zile picha zako za milima usizitupe, lakini pia usizitundike ukutani mbele ya mahali unapofanyia kazi kwa sasa.

Nianze na jani lenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaharibu. Tafuta majani yenye mishipa iliyoinuka upande wa chini: mpera, mparachichi, muhogo, mpapai mchanga, na kangaga wa kando ya mito. Jani la mgomba, ingawa limetuzunguka kila mahali, ni laini mno na hutoa mistari sambamba tu. Kata kipande chake kidogo ukikitaka kwa ajili ya mistari hiyo. Chuma majani baada ya umande kukauka, uyalaze usiku mmoja katikati ya magazeti makuukuu chini ya kitu kizito. Yanatakiwa yawe bapa lakini yasiwe makavu, kwani jani kavu huvunjika unapolipaka na jani bichi kabisa huteleza kwa maji yake. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, machipukizi huwa na maji mengi, kwa hiyo chagua majani yaliyokomaa.

Paka rangi upande wa chini, kwa tabaka jembamba, ukitumia sponji badala ya brashi ili mishipa ipate rangi bila mabonde yaliyo katikati yake kujaa. Rangi ya akriliki, ile ya plastiki inayochanganywa na maji, hukauka upesi sana kukiwa na joto, kwa hiyo andaa karatasi kabla ya kulipaka jani. Ukitumia rangi za maji, tone la gliserini ya duka la dawa linazichelewesha kukauka. Laza jani kwenye karatasi, lifunike kwa kipande cha gazeti, kisha sugua kwa ncha za vidole ukianzia uti wa kati na kuelekea kingoni. Rola ni nzuri kwa anayechapa majani mengi, lakini vidole vitakuambia mahali mshipa ulipo, na kwa anayerudi kuchora hilo ni sehemu ya mafunzo. Kisha inua jani kwa kikonyo chake. Usilipake tena, lichape mara ya pili mahali pengine. Chapa ya kwanza mara nyingi huwa nzito na yenye mabaka, na ile ya pili, ambayo wengi hawaingoji, ndiyo inayoonyesha vishipa vyembamba kama nywele.

Sasa tunafika kwenye uchoraji. Karatasi ikikauka, usianze kwa kuyapaka majani yenyewe. Paka nafasi zilizo kati yake. Chukua rangi nyepesi yenye maji mengi, uizungushe kwenye kingo za jani kwa nje, ili jani libaki na weupe wa karatasi na chapa yake huku mazingira yake yakiingia giza taratibu. Mazoezi haya yanalilazimisha jicho kufuata ukingo wa kweli badala ya ule unaodhani unaujua, na naamini kwamba kilichopotea kwa waliokaa muda mrefu bila kuchora ni kule kutazama kwa subira kuliko ustadi wa mkono. Baadaye, jani likiwa mbele yako na chapa yake pembeni, lichore kwa brashi bila kuchapa. Ikiwa kila mara unapokaa kuchapa utamaliza kwa kuchora walau jani moja hivyo, chapa zitakuwa njia ya kurudia milima yako.

Kuhusu rangi, nakusihi usinunue sanduku lenye vichupa vingi vya bei rahisi. Bluu moja, manjano moja, nyekundu moja na nyeupe, zikiwa za ubora mzuri, zinatosha kwa muda mrefu. Kijani cha kwenye chupa huwa kikali na cha baridi, hakifanani na kijani cha mashamba yetu. Changanya manjano na bluu, kisha ongeza nyekundu kidogo sana kukituliza ukali. Manjano na nyeusi kidogo hutoa kijani kilichofifia, kile cha jani la mgomba lililoanza kuzeeka. Rangi za maji zenyewe hushikamanishwa kwa gundi ya mgunga, na huo mgunga unaota Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, kwa hiyo usione kwamba unashika kitu kigeni. Kwa karatasi, nzito ya gramu 300 kwa mita mraba ndiyo inayostahimili maji bila kujikunja, lakini iweke kwa kazi unazozipenda. Kwa majaribio tumia karatasi ya manila, au ukifika Kampala uliza mabaki ya karatasi kwa wachapishaji wa Nasser Road. Manila hugeuka njano kadiri miaka inavyopita, na kwa majaribio hilo si neno.

Meza ya chakula isikuvunje moyo. Madarasa ya mwalimu Margaret Trowell, ambayo ndiyo yaliyozaa shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, yalianzia barazani kwake mwaka 1937. Mchoraji Jak Katarikawe, aliyetoka upande wa Kabale, alikuwa dereva na hakupitia shule ya sanaa kabla hajaanza kuchora. Sam Ntiro, mchoraji na mwalimu wa Makerere, alimshika mkono, na picha za Katarikawe zikafika mbali. Tafuta ubao wa plaiwudi unaolingana na nusu ya meza, ufanyie kazi juu yake, na wakati wa chakula uinue ubao pamoja na kila kilichomo, uutelezeshe juu ya kabati. Kinachomshinda mtu asiye na chumba ni kule kutoa na kurudisha vitu kila mara hadi hamu inaisha. Zile brashi zilizokakamaa, ikiwa ziligandwa na akriliki, hazitarudi laini. Zitumie kunyunyizia matone ya rangi. Za rangi ya maji ziloweke kwenye maji vuguvugu yenye sabuni, kwani nyingi hupona.

Swali: Nilipiga nyundo majani na maua juu ya kitambaa cheupe cha pamba, yakatoka kwa kupendeza mno. Baada ya kukifua mara mbili, kijani kimekuwa kahawia na maua mekundu yamepotea kabisa. Nilikosea wapi? — Msomaji, Bombo

Jibu: Ndugu yangu, nyundo yako haina kosa. Kijani cha majani hakidumu kwenye nguo, kwa sababu mwanga na sabuni hukivunja, na wekundu wa maua mengi, kama vile haibiskasi, hubadilika hata kwa sabuni peke yake, ukiwa mwekundu kwenye siki na wa buluu au kijivu kwenye magadi. Rangi ya mimea inayodumu ni ile inayoshikana na uzi wenyewe, na pamba haishiki rangi hizo kwa urahisi bila kuandaliwa. Maandalizi hayo huchukua muda kuliko kuchapa kwenyewe, na anayeyaruka atarudi mahali ulipo sasa.

Tumia merikani au kitambaa kingine cha pamba tupu, kisichochanganywa na nailoni. Kichemshe kwanza kwenye maji yenye magadi na sabuni kidogo kwa muda wa saa moja, maana kitambaa kipya kina wanga na mafuta ya kiwandani yanayozuia rangi kuingia. Kisuuze, kisha ukiloweke usiku kucha kwenye chai ya rangi iliyokolea, isiyo na sukari wala maziwa. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika yanafaa ukiyakusanya kwa wingi. Chai ina tanini, kile kitu cha mimea kinachoipa ukakasi, na tanini ndiyo inayoifanya pamba ikubali hatua inayofuata, ambayo ni shabu. Pima gramu 15 za shabu kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu, iyeyushe kwenye maji ya moto, ongeza maji ya kutosha kufunika kitambaa, kisha ukiache humo hadi kesho yake. Shabu ndiyo kiungo kinachokaa kati ya uzi na rangi.

Kitambaa kikiwa na unyevu, kitandaze, upange majani juu yake, ufunike kwa kitambaa cha pili au ukikunje mara mbili, kisha ukiviringishe kwa nguvu kwenye kijiti kinene na kukifunga kwa kamba kuanzia ncha hadi ncha. Pasipogusana na jani hapatachapwa kitu, kwa hiyo usionee huruma kamba. Sasa fukiza mzigo huo kwa mvuke kwa saa moja na nusu hivi. Hapa wapishi wa matoke wana faida kuliko mafundi wa nchi nyingi, kwa sababu wanajua tayari kupanga vikonyo vya migomba ndani ya sufuria, chini kabisa, ili kilicho juu kisiguse maji, na kufunika kwa majani ili mvuke usitoroke. Fanya vivyo hivyo, ila sufuria hiyo isirudi tena kwenye mapishi. Epua, uache mzigo upoe kabisa, na ukiweza uufungue siku ya pili. Anika kivulini, na usikifue kitambaa kabla ya siku kadhaa kupita. Kisha tumia sabuni laini bila dawa ya kung'arisha nguo.

Majani ya kuanzia ni mpera na mkaratusi, kwa kuwa yana tanini nyingi. Majani machanga ya msaji, yaani mtiki, hutoa wekundu wa zambarau unaoshangaza kwa jani ambalo kwa nje ni kijani tu, na maganda makavu ya kitunguu hutoa manjano ya kukolea na rangi ya chungwa. Ukitaka kijivu na weusi, tumbukiza misumari yenye kutu kwenye siki iliyozimuliwa kwa maji, uiache wiki moja au mbili, kisha chovya majani haraka kwenye maji hayo kabla ya kuyapanga. Chuma kikikutana na tanini kinakuwa cheusi. Ni jambo lile lile unaloliona kwenye kisu kilichokata ndizi mbichi. Usizidishe, kwani chuma kingi hula uzi, na baada ya miaka nguo hutoboka mahali palipochapwa.

Kuna mimea ambayo nakushauri uiache kwa nguo, hata ikipendeza siku ya kwanza: bogenvilia, kiazi chekundu cha bitiruti, na manjano ya jikoni. Zote hupauka juani.

Kama bado unaipenda nyundo, na mimi naipenda pia, ipeleke kwenye karatasi. Piga jani juu ya karatasi nzito, subiri kijani kiwe cha mzeituni, kisha chora juu yake kwa wino na rangi ya maji ambayo itabaki hata chapa ikififia.

Swali: Wanangu wadogo wanataka kushiriki. Kuna mimea ya kuogopa? — Mama wa watoto wawili, Arua

Jibu: Ndiyo, mama, na si michache. Mnyaa, ambao wengi wameupanda kuwa uzio, una utomvu mweupe unaoweza kudhuru macho vibaya. Usiuguse kabisa kwa kazi hii, na vivyo hivyo mmea wowote wa mapambo unaotoa utomvu mweupe usioufahamu. Utomvu wa mwembe huwasha ngozi za baadhi ya watu, kwa hiyo acha majani yake yanyauke kwanza na ukate kikonyo. Jani la mnyonyo ni zuri mno kwa umbo lake lenye vidole, lakini mbegu zake ni sumu kali, basi lete jani nyumbani uache mbegu huko huko. Wafundishe watoto kuutambua upupu kabla hawajaingia kichakani. Waachie majani ya mpera na ya mchicha pamoja na rangi za maji zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto. Maji ya kutu, shabu na mvuke viwe kazi ya mtu mzima.

Swali: Ninaishi karibu na Masaka na ninapata lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, kwa urahisi. Je, naweza kuchapa majani juu yake na kisha kuchora? — Msomaji, Masaka

Jibu: Unaweza, na umbile lake linapokea brashi kwa namna ambayo turubai ya kuchorea ya dukani haiwezi. Lubugo hutolewa kwenye gome la ndani la mti wa mutuba, hasa wakati wa mvua, na kupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi liwe laini; rangi yake ya udongo mwekundu ndiyo itakayoamua rangi zako zote. Kijani cha kawaida kitazama humo kisionekane. Chapa kwa nyeupe, nyeusi au manjano mazito, na kumbuka kwamba hata lubugo la wafalme na machifu lilitiwa rangi nyeupe au nyeusi. Linyunyizie maji kidogo tu, litandaze juu ya ubao, ulibane kingo, na utumie akriliki isiyo na maji mengi, maana nyuzi hunyonya na ukingo wa jani utatambaa. Usilichemshe wala kulifukiza kama merikani. Majani makubwa yenye mishipa minene ndiyo yanayofaa. Vishipa vya kangaga vitapotea kwenye nyuzi.

Nina neno moja la adabu. Lubugo huvikwa wafu katika mazishi ya Baganda na hutumika katika kutawazwa kwa Kabaka, mfalme wao, na utengenezaji wake ulitambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa binadamu, ukaingia kwenye orodha yake mwaka 2008. Wapo wazee wanaosononeka wanapoona lubugo likipakwa rangi ya mapambo ya sebuleni. Ukitaka kuitundika kazi hiyo mahali pa watu wote, zungumza kwanza na wazee wa hapo, na kama unaweza, nunua lubugo kwa fundi mwenyewe, ambaye anajua kuufunga mti majani ya migomba baada ya kuuvua gome ili uote tena.

Swali: Sina jiko la ziada wala sufuria ya kuharibu. Nimesikia kwamba jua peke yake linaweza kuchapa jani. Ni kweli? Na picha hiyo naweza kuitundika? — Msomaji, Jinja

Jibu: Ni kweli, na ni jambo la zamani: mwanasayansi wa Uingereza, John Herschel, alikuwa akifanya majaribio ya kuchapa kwa jua na utomvu wa mimea mnamo mwaka 1842. Ile manjano ya jikoni niliyowakataza wengine kwa sababu inapauka ndiyo unayoihitaji, kwa sababu hiyo hiyo. Koroga kijiko cha manjano ya unga kwenye nusu kikombe cha spiriti ya dukani, mbali na moto wowote, uchuje kwa kitambaa, kisha upake kwenye karatasi nzito ndani ya chumba chenye mwanga hafifu. Ikaushe gizani. Weka jani juu yake, lifunike kwa kioo cha fremu, ubane vizuri, na uweke juani kuanzia asubuhi. Baada ya saa kadhaa za jua kali, palipokuwa wazi patakuwa pamefifia, na chini ya jani patabaki manjano. Ukitaka rangi igeuke kuwa wekundu wa kahawia, pitisha juu yake brashi yenye maji ya magadi kidogo.

Kuitundika, hapana. Jua lililoichapa litaendelea kuifuta, hata kupitia dirishani. Ihifadhi ndani ya kitabu au bahasha isiyopitisha mwanga, lakini kwanza ipige picha kwa simu siku hiyo hiyo, uweke kivuli hicho cha jani mbele yako, na ukichore kwa rangi ya maji kwenye karatasi nyingine. Hiyo ya pili ndiyo ya kutia kwenye fremu.